Fedha za afya ya akili zitengewe fungu lake katika kaunti

RAIS Uhuru Kenyatta alipotia sahihi marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili mnamo Juni 2022, kaunti zilipewa jukumu la kuwafikishia wananchi huduma hizo mashinani na kuzitengea fedha. Ilikuwa hatua ya kupongezwa, maana sheria ya 1989 ilijikita zaidi katika kumlaza mgonjwa hospitalini.

Hata hivyo, sheria bila pesa haimtibu mtu. Katika kaunti nyingi, fedha za afya ya akili huchanganywa katika mgao wa jumla wa afya. Hazina Kuu inapochelewesha fedha za kaunti, kama ilivyo ada yake, maafisa huanza kupunguza pale wasipotarajia lawama. Chanjo ikikosekana, kelele husikika siku iyo hiyo. Sindano ya mgonjwa wa akili ikikosekana, anayejua ni mamake pekee.

Mgonjwa wa skizofrenia anayedungwa sindano mara moja kwa mwezi katika kituo kilicho karibu anaweza kuishi kwao, akalima na hata kufanya biashara. Akiikosa kwa miezi miwili mitatu, maradhi hurejea. Jamaa wenye uwezo humsafirisha hadi Nairobi. Wasio nacho humfunga kamba nyumbani.

Ndiyo maana Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa 1910, ingali inabeba mzigo wa taifa zima. Wagonjwa 40 walipotoroka huko Mei 2013, wengi wetu tulicheka badala ya kuuliza kwa nini walikuwa wamesongamana pale. Miaka minne baadaye, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliripoti kwamba kati ya hospitali 284 za umma za kiwango cha nne kwenda juu, ni 29 tu zilizotoa huduma za afya ya akili.

Magavana watasema kaunti hazina pesa. Ni kweli, lakini huduma za mashinani si ghali. Huko Makueni, watafiti waliwafunza wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii kutambua na kuwashughulikia wagonjwa kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Wahudumu wa jamii tayari wapo: zaidi ya 100,000 waliajiriwa kote nchini 2023, na marupurupu yao hugharimiwa na serikali kuu pamoja na kaunti. Kilichobaki ni mafunzo na dawa zisizokatika.

Ulinzi wa fedha hizi ni fungu lenye jina lake katika bajeti. Bila fungu hilo, hata mkaguzi hawezi kusema ni kiasi gani kilichoelekezwa kwingine. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika mabunge ya kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Anayehudhuria vikao hivyo na amuulize diwani wake: fungu la afya ya akili liko ukurasa gani?