Swali la Mwenye Hisa wa Obunga

Tulipowatembelea ndugu zetu wa Kisumu, mama mmoja wa Obunga, mkaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani, alituuliza jambo ambalo wengi wetu huona haya kuliuliza. Mwaka 2008 alinunua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Mwezi huo wa Novemba 2024 kampuni ilikuwa imetangaza kwamba faida ya miezi sita imeshuka. "Simu tunapiga, M-Pesa tunatuma. Faida imekwenda wapi?"

Nyingi ilimezwa na Ethiopia. Kampuni ilifungua huduma huko Oktoba 2022, na minara ya simu haijengwi kwa maneno. Kisha Julai 2024 serikali ya huko ikaiachia birr ijitafutie bei sokoni. Ikaporomoka, na hasara ikaingia katika hesabu za Nairobi.

Mama huyu haogopi hasara. Samaki nao huoza. Ataka kujua itakwisha lini, tena kwa lugha aielewayo. Haki hiyo anayo: mwenye hisa ni mshirika, na katika mkutano mkuu wa mwaka hata mwenye hisa chache huuliza. Tuliketi naye jikoni tukaliandika swali lake, kwa Kiswahili.