Maharamia Mashujaa? Zii

Kuna stori moja haifi hapa base yetu Shauri Moyo. Kila tukisikia meli imetekwa Somalia, lazima msee mmoja aweke kikombe chini aseme: "Hao si wezi. Ni wavuvi wamekasirika. Mabeberu waliwaibia samaki, sasa wanajirudishia." Tunacheka, tunagonga tano. Ni stori tamu kwa sababu inafanana na yetu. Sisi pia tumeibiwa, na tungependa sana kuona tajiri akilipa.

Mimi nimechoka nayo.

Nusu yake ni kweli. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka 1991, meli za kigeni zilivua bahari ya Somalia bila wa kuziuliza. Hilo sibishi. Nabisha hapo kwa nani alilipa.

Juni 2005 maharamia waliteka MV Semlow, meli ya wenyeji wa Mombasa. Ilibeba nini? Tani 850 za mchele wa msaada wa WFP, kwa Wasomali waliopigwa na tsunami ya Desemba 2004. Mabaharia kumi, wengi wao Wakenya, walishikwa zaidi ya miezi mitatu. WFP ikasimamisha meli zake za chakula. Niambie basi, hapo beberu aliyeporwa ni yupi?

Oktoba 2010, karibu na Lamu, wakateka Golden Wave, meli ya uvuvi ya Wakorea. Sawa, mwenyewe ni mgeni. Lakini ndani mlikuwa na watu 43, na 39 walikuwa Wakenya. Miezi minne chini ya bunduki, watoto wa watu waliotoka nyumbani kutafuta unga. Mwenye meli kubwa ana bima. Hawa walikuwa na nini?

Ukitaka shujaa, nitakupa. Chukua wale mabaharia wa Mombasa waliorudi kazini baada ya Semlow, wakapeleka chakula Somalia kabla manowari za kuwasindikiza hazijaanza kuja mwishoni mwa 2007. Chukua Andrew Mwangura, baharia wa zamani aliyefuatilia mateka kwa simu na kuwapasha habari jamaa zao. Mwaka 2008 alisema vifaru vilivyokuwa ndani ya MV Faina vilikuwa vinaenda Sudan Kusini. Serikali yetu ikamtia ndani.

Na usiniambie hayo ni mambo ya watu wa Pwani. Tembea hatua chache kutoka base hadi Kamukunji, usikilize nyundo za jua kali. Mabati ya yale masanduku ya shule mengi yameanzia bandarini. Nguo za Gikomba nazo zimepita huko huko. Bahari ikiwa na hatari, bima ya meli inapanda, gharama inapanda gari Mombasa, inashuka hapa kwetu. Haimtafuti tajiri. Inamtafuta mama anayefungua bale.

Machi 2024 walipoteka MV Abdullah na mabaharia 23 wa Bangladesh, hapa base tulibishana siku nzima kuhusu dola za fidia. Hakuna aliyeuliza kama wale 23 wamekula, au nani anawalipa mshahara wakiwa mateka.

Siku nyingine ikitekwa meli, tuanzie hapo. Na yule msee wa wavuvi wenye hasira amalizie chai yake kwanza.