Faili Haipotei, Hupotezwa

Imeenea imani nchini, kuanzia ofisi za wakubwa Nairobi hadi vibanda vya chai vya Lodwar, kwamba rekodi za polisi hupotea kwa sababu zimeandikwa kwenye karatasi. Ondoeni kitabu cha matukio, yaani OB, watu husema, leteni kompyuta, na mwananchi hatarudishwa tena nyumbani na jibu kwamba faili yake haionekani. Kila serikali inapoahidi OB ya kidijitali, makofi hupigwa. Wanasiasa, wafadhili, mashirika ya kutetea haki, hata mawakili ambao kazi yao imewafundisha mengi, wameipokea dawa kabla ya kuuliza ugonjwa ni upi.

Naikataa imani hiyo, na nadhani Turkana ndipo mahali pa kuikataa kwa sauti kubwa zaidi. Mchwa wapo Turkana. Vumbi lipo, joto lipo, na mto Kawalase ukifurika Lodwar, au Tarach ukifurika Kakuma, maji huingia popote. Lakini maji hayachagui ukurasa mmoja katika kitabu kizima, na mchwa hawajui faili ipi inamtaja mkubwa. Rekodi inayotoweka peke yake, huku jirani zake rafuni zikibaki salama, imeondolewa na mtu.

Tuanze na kitabu chenyewe, maana wengi wanaokidharau hawajawahi kukitazama vizuri. OB ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Kila tukio lina nambari, tarehe, saa na maelezo, na nambari hazirukwi. Ukikosea neno, hulifuti: unalikata kwa mstari na kutia sahihi kando yake, ili atakayesoma aone ulichoandika mwanzo na ulichosahihisha. Askari anayemaliza zamu huandika amekabidhi mahabusu wangapi, silaha ngapi na funguo zipi, na anayepokea anaweka jina lake chini. Ukurasa ukichanwa, pengo linabaki. Waliobuni utaratibu huu hawakumwamini askari yeyote kwa maneno matupu, na walifanya jambo la busara. Kila mstari una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuitwa mahakamani.

Sasa tuulize kompyuta imetufanyia nini pale ilipokuwepo. Juni 7, 2025, Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mitandaoni, alikamatwa Homa Bay na kusafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti wakakuta majeraha ya mtu aliyepigwa. Kituo hicho kiko katikati ya jiji kuu, kina umeme na kamera. IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, iliwaeleza maseneta kwamba mitambo ya kamera hizo ilikuwa imechezewa na diski zake kufutwa. Maafisa na raia walishtakiwa kwa mauaji, na fundi wa kamera alikamatwa wakati wa uchunguzi. Kuchana kurasa za OB za mwezi mzima ni kazi ya usiku kucha na huacha alama. Kuifuta diski ni kazi ya dakika chache. Anayetuambia kwamba mashine ndiyo mlinzi wa ukweli aeleze kwanza asubuhi ile mashine ilimlinda nani.

Lipo kosa baya kuliko kufuta, nalo ni kutoandika kabisa. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa nyara walipotoka mahakamani Mavoko, wakafungiwa katika kambi ya polisi ya Syokimau, kisha wakauawa. Kilichosaidia kuwafikia wauaji ni ujumbe ulioandikwa kwenye kipande cha karatasi ya shashi na kurushwa nje ya seli. Maafisa watatu na mpasha habari wao walipatikana na hatia mwaka 2022. Hakuna programu duniani inayoweza kurekodi jina ambalo askari amekusudia lisirekodiwe.

Turudi Turkana. Mfugaji wa Loima aliyevamiwa usiku hufika kituoni baada ya mwendo mrefu. Muulize amepoteza nini, naye atakuelezea mnyama mmoja mmoja: rangi yake, mabaka yalipo, pembe zilivyopinda, sikio lilivyokatwa, alama ya moto iko ubavu gani, na mama yake alikuwa yupi. Ni maelezo ambayo mpelelezi yeyote angeyatamani. Mara nyingi kinachoandikwa ni idadi tu: mbuzi kadhaa, ngamia kadhaa, washukiwa hawajulikani. Mifugo ikirejeshwa baadaye na kukusanywa uwanjani, kila mtu anadai mbuzi weupe, na kitabu hakina neno la kumsaidia mwenye mali. Kompyuta ingeuandika upungufu huohuo, kwa kasi zaidi.

Na hapa imani ya kompyuta inashikana mkono na imani nyingine ya zamani, kwamba mambo ya wafugaji huishia kwa wazee na hayahitaji maandishi. Wizi wa mifugo ni kosa la jinai, na sheria yake mahususi iko vitabuni tangu enzi ya mkoloni. Tena wanaowataja wazee kama udhuru wangejifunza kwao. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walifanya amani Lokiriama na kuzika silaha. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mapatano hayo yanakumbukwa na kuadhimishwa, kwa sababu kuna watu wanaojulikana ambao jukumu lao ni kuyakumbuka na jamii huwadai. Makubaliano yaliyoanzia vinywani mwa wazee yamedumu nusu karne, na kituo chenye makabati, mihuri na wino kinashindwa kuonyesha faili ya juzi! Ni wajibu uliokosekana, na wajibu hauuzwi pamoja na kompyuta.

Kakuma jambo hili ni zito zaidi. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa 1992 kuwapokea waliokimbia vita vya Sudan, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu karibu 300,000. Hapo kila anayehusika na kesi ni msafiri. Mlalamishi anaweza kupata nafasi ya kuhamia Canada kesi ikiwa katikati. Shahidi anaweza kurudi Sudan Kusini. Mkalimani aliyefasiri maelezo ya msichana aliyebakwa huenda hayupo tena mwezi ujao. Mpelelezi naye atapewa uhamisho, kwa kuwa hili ni eneo la mazingira magumu na wengi huomba kuondoka. Mwishowe kinachobaki Kakuma ni karatasi: maelezo yaliyotiwa sahihi, fomu ya P3 ya majeraha iliyojazwa na daktari, rejista ya vielelezo. Ikikosekana karatasi hiyo, kesi inaweza kuanguka na mshtakiwa akaachiliwa. Aliyeumizwa atasikia habari hizo kwa simu, akiwa nchi ya mbali au akiwa bado ndani ya kambi ileile na aliyemuumiza.

Mkimbizi huyohuyo akipoteza kitambulisho chake atatakiwa kuleta abstrakti ya polisi, hati ya kuthibitisha upotevu, na abstrakti haitolewi bila nambari ya OB. Maisha yake yote yananing'inia kwenye mstari mmoja wa kitabu. Wanaodhani mfumo wa kidijitali ungemwondolea taabu hiyo wawatazame majirani zetu wa kaskazini mashariki. Maelfu ya Wakenya, hasa Garissa, walinyimwa vitambulisho kwa miaka mingi kwa sababu alama zao za vidole zilikutwa kwenye hifadhidata ya wakimbizi. Wengi waliingizwa humo wakiwa watoto, wazazi wao wakitafuta chakula cha msaada wakati wa ukame. Rekodi ilikuwa ya kisasa na haikupotea. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuisahihisha na kuweka jina lake.

Sitakawia kwenye suala la umeme. Kwa miaka mingi Lodwar imetegemea jenereta za dizeli huku bwawa la Turkwel likizalisha umeme unaokwenda kwingine. Anayetaka OB ya Lokichoggio au Lokitaung iishi ndani ya mtandao pekee aseme askari ataandika wapi siku mtandao ukizima.

Wanaosema tunahitaji sheria mpya nao hawajasoma zilizopo. Idara ya Nyaraka za Taifa iliundwa kwa sheria ya 1965, na Mkurugenzi wake ana mamlaka ya kukagua rekodi za idara za serikali na kushauri zitunzwe vipi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka kila taasisi ya umma itunze rekodi sahihi na kamili, na ilizipa miaka 3 kuingiza mifumo yao kwenye kompyuta. Muda huo ulikwisha 2019. Kwa hiyo hata kompyuta tayari ni agizo la sheria, na agizo limekaa bila kutekelezwa kwa sababu ileile inayopoteza faili: hakuna afisa aliyeulizwa kwa jina lake.

Lipo jambo moja linalonitia hofu kuliko yote. Siku kompyuta zitakapofika, atatokea mtu wa kusema kwamba vitabu vya zamani vimeshanakiliwa, vichomwe ili kupata nafasi. Lodwar iwe ya mwisho kukubali. Jomo Kenyatta alihamishwa kutoka gereza la Lokitaung na kuzuiliwa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Mji huu unajua serikali inavyoweza kumficha mtu. Waingereza walipokaribia kuondoka walichoma nyaraka nyingi za ukandamizaji, na nyingine wakazisafirisha kwao kimyakimya. Mwaka 2011, wazee waliokuwa wamezuiliwa na kuteswa wakati wa Mau Mau walipokuwa wameishtaki Uingereza mjini London, serikali yake ilikiri kwamba ilikuwa na faili zipatazo 1,500 za Kenya katika ghala la Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Faili hizo zilikuwa karatasi, zenye tarehe, majina na sahihi za maafisa waliojua kinachotendeka. Nusu karne baadaye sahihi hizo zilikuwa bado zinasomeka.

Sipingi kompyuta. Nataka ije ikikuta utaratibu, isije kuufunika utovu wa utaratibu. Kila kituo kiwe na afisa mmoja wa rekodi anayejulikana kwa jina. Mkuu wa kituo asiondoke kwa uhamisho kabla ya kukabidhi OB, rejista ya mahabusu na vielelezo kwa orodha iliyotiwa sahihi, na kinachopungua kiandikwe kwenye faili yake ya kazi. Vitabu vilivyojaa vipelekwe Nyaraka za Taifa kwa ratiba inayojulikana. Nakala ya kila rekodi ya kompyuta ikae mahali ambapo mkono wa kituo haufiki. Hayo yanaweza kuanza wiki hii Lodwar, kwa kalamu.

Nawe msomaji, ukitoka kituoni, toka na nambari ya OB iliyoandikwa, pamoja na tarehe na jina la aliyekuhudumia. Faili yako ikikwama, andika barua uitishe habari zake na ubaki na nakala. Sheria ya 2016 inawapa polisi siku 21 kukujibu. Likiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Haki ya kupata habari katika Kifungu cha 35 cha Katiba imepewa raia, na hilo ni pengo ambalo Bunge linapaswa kuliziba. Lakini mkimbizi wa Kakuma anaweza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo haiulizi uraia, kudai habari zake mwenyewe. Na yeyote atakayekuambia kwamba faili imepotea, mwambie aliandike jibu hilo, aweke tarehe, atie sahihi.