Nipe habari ya kitabu chako

Mgeni akiingia Garissa, neno la Kisomali atakalolisikia mara tu baada ya salamu ya dini ni "warran". Maana yake lete habari, na anayeuliza anataka habari kweli. Ukijibu "salama" ukanyamaza, utaonekana mchoyo. Unatakiwa useme ulikotoka mvua imenyesha au la, malisho yakoje, ngamia anauzwaje, nani amefiwa, na kama Mto Tana umefurika hadi njiani. Mimi ni mtu wa Lamu, nimefundisha Kiswahili huku miaka kumi na tisa, na nimeulizwa habari za kila kitu hadi mbuzi wa jirani aliyepotea. Habari za kitabu ninachosoma siulizwi, ila na wanafunzi, nao swali lao ni moja: "Maalim, hicho kitatoka kwenye mtihani?"

Kila nikisikia watu wa Nairobi wakisema Kaskazini Mashariki hakusomwi, damu hunichemka. Kisha nakumbuka kwamba mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipoona magari hayawezi kuwafuata wafugaji, ni hapa hapa Garissa ilikowapakia ngamia vitabu. Walianza na ngamia watatu. Mmoja alibeba masanduku ya vitabu kama mia mbili, kushoto na kulia ili mzigo ulingane, wengine wakabeba hema, mikeka na vifaa vya safari. Baadaye Wajir nayo ikapata msafara wake. Picha za ngamia hao zimezunguka dunia, na mwandishi wa Marekani, Masha Hamilton, akatunga riwaya nzima juu ya maktaba ya namna hiyo, akaichapisha mwaka 2007. Nimewauliza wenzangu wengi mjini kama wameisoma. Bado natafuta wa kwanza. Ngamia ni wetu, hadithi inasomwa kwingine.

Nilipofika huku niliwahi kuufuata msafara huo na darasa langu hadi kwenye mgunga mmoja nje ya mji. Wazungu waliokuja na kamera walimtazama ngamia. Mimi nilimtazama mvulana wa miaka kumi hivi aliyekuja kurudisha kitabu. Kabla hajafika mkekani, watoto wanne walikuwa wamemzunguka wanamhoji. Kina nini ndani? Fisi anakufa? Hakuna aliyetazama vitabu vipya vilivyopangwa vizuri na mkutubi. Msichana mmoja alikitaka kile kile kilichorudishwa, kikuukuu, jalada limelegea, kwa sababu binamu yake alimsimulia nusu ya hadithi kisha akakataa kumaliza.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wanunuzi wa vitabu wa serikali na wafadhili hawajalielewa hadi leo. Hapa kitabu hakiendi kwa kuwekwa rafuni. Kinakwenda kwa mdomo. Na Wasomali walikuwa na kanuni ya jambo hili kabla lugha yao haijapata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972. Shairi lilitungwa, likashikwa na wahifadhi, likasafiri kutoka kisima hadi kisima vinywani mwao, na mghani hakuruhusiwa kufungua kinywa kabla ya kumtaja aliyelitunga. Kumtaja mwandishi, kueleza kwa nini alitunga, kisha kughani: hebu niambie kama hiyo si njia bora ya kumpa mtu hamu ya kitabu kuliko maswali ya ufahamu ninayolazimika kuyasahihisha kila Jumatatu.

Shule moja niliyofundisha, ambayo jina lake naliacha, ilipokea shehena ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Vingi vilikuwa nakala moja moja: namna ya kutunza bustani wakati wa theluji, mwongozo wa programu ya kompyuta iliyokwisha kufa, juzuu ya tatu ya hadithi isiyo na ya kwanza wala ya pili. Viliorodheshwa, vikapigwa picha, vikafungiwa stoo. Mchwa ndio waliovisoma. Ningepewa uamuzi, ningechukua fedha za kusafirishia theluji ile nikanunua nakala ishirini za riwaya moja. Ishirini za kitabu kimoja! Najua mkaguzi angeshangaa. Lakini watu ishirini waliosoma kitabu kimoja wana la kubishania, na vitabu ishirini tofauti mikononi mwa watu ishirini ni watu ishirini walionyamaza.

Rafu yangu mwenyewe imejaa kwa njia ya huzuni. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, walimu wengi wasio wenyeji walifunga virago. Wenzangu kadhaa waliniachia vitabu kwa sababu begi halikutosha, au kwa sababu hawakutaka kubeba chochote cha huku. Ndivyo nilivyorithi nakala tatu za *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, mbili za *Siku Njema* ya Ken Walibora, na *From a Crooked Rib* ya Nuruddin Farah iliyopigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Nilianza kuwaazima majirani vitabu hivyo kwa sharti moja tu: ukirudisha, unikalishe unisimulie. Asiyependa kitabu naye anisimulie kwa nini hakukipenda.

Wasichana wa kidato cha tatu ndio walionifundisha kuviweka pamoja. Walisoma juu ya Ebla wa Nuruddin Farah, anayetoroka kambi ya wafugaji ili asiozwe mzee, wakasema huyu ni dada yake Maimuna wa *Utengano*, aliyefungiwa ndani na baba tajiri. Niliwapa *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi wakamkuta Yasmin, aliyeozwa mzee, naye yuko mbioni. Wakaanza kubishana ni nani alikimbia vizuri. Hakuna mtihani uliowauliza hilo, na mjadala ulitoka darasani ukafika majumbani; nilijua kwa sababu baba ya mmoja wao alinisimamisha njiani.

Ni dalali kwenye soko la mifugo. Nikadhani amekasirishwa na habari za wasichana watoro. Kumbe alikuwa anataka kitabu ambacho binti yake angemsomea jioni, "lakini chenye biashara ndani yake, maalim, si mapenzi matupu."

Nikampa *Peponi*. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, *Paradise*, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz, anayemwita ami, kufidia deni la baba yake mwenye hoteli ndogo. Nilikuwa na maneno yangu tayari juu ya ukoloni na utumwa, yale tunayofundishwa chuoni.

Baada ya wiki nilimkuta sokoni, fimbo begani, katikati ya vumbi na milio ya ngamia. Hata salamu hakumaliza.

"Maalim, huyu baba hana binamu?"

"Vipi, adeer?" nikamwita ami, kwa Kisomali.

"Deni la mtu mzima linalipwa na ukoo. Kila mmoja anatoa mnyama wake, linakwisha. Mtoto hawekwi rehani ila na mtu asiye na watu. Huyo Gurnah alimficha wapi ukoo wa huyu bwana?"

Nilisimama pale sina jibu. Nimeisoma riwaya hiyo mara tatu na sikuwahi kuuliza binamu za baba yake Yusuf wako wapi. Niliporudi nyumbani niliifungua nakala yangu ya Kiingereza nikaisoma upya: mtu aliyehamia Kawa mji ulipochangamka kwa reli ya Wajerumani, anahesabu hasara yake peke yake, hana mlango wa kubisha. Dalali wa ngamia alikuwa amenionyesha mahali kitabu kinapouma.

Aliniahidi kukirudisha kikiisha. Kiliisha, ila hakikurudi. Binti anasema baba alibishana juu ya mwisho wake na dereva wa lori la Modogashe, dereva akataka kujionea mwenyewe, akaondoka nacho. Juzi kijana mmoja nisiyemjua, makanga wa basi la Wajir, alinisimamisha karibu na daraja akaniuliza kama mimi ndiye maalim wa Lamu, na kama ni kweli Aziz hakuwa ami yake Yusuf hata kidogo, au dereva anamtania.