Tusikimbilie Kufuta Kompyuta

Leo niongee juu ya hizi kompyuta zetu za Ubuntu. Ikikwama tu katikati ya kupandisha toleo, utasikia mtu anasema: "Futa yote, weka upya!" Mi nakataa hiyo tabia.

Ndani ya hiyo mashini kuna nini? Kuna diploma zilizopigwa picha, barua za kuomba masomo, karatasi za ukimbizi za familia nzima. Mtu aliyekimbia Kongo ama Burundi atarudi vipi shuleni kwake kuomba nakala nyingine? Ubuntu utaipata tena, ni ya bure. Karatasi yake utaitoa wapi?

Na mara nyingi mashini haijafa. Ni umeme umekatika hapa Ndera, ama MB zimeisha, ama diski imejaa. Toa nafasi kwanza, halafu andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install. Hizo zinamalizia kazi iliyoachwa njiani. Na usiruke hatua: ukitoka 20.04 pitia 22.04, ndipo uende 24.04.

Ikikataa kabisa kuwaka, iwashe kwa flashi ya Ubuntu, chagua kuijaribu bila kuisakinisha, nakili mafaili kwenye flashi nyingine. Mwenye mashini akae pale pale, afungue mafaili yake, aone yako mazima. Ndipo ufute.

Mi napendekeza hiyo iwe sheria ya kikundi chetu: hakuna kufuta mashini ya mtu kama hayupo. Mnasemaje?