Mikongo Mipya Pekee Haitatuokoa

Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikasuasua kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Kampala na Kigali, na kilio kikawa kimoja: tuongezewe mikongo.

Kilio hicho ni cha haki. Ila mkongo ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine imo ndani ya ruta, mitambo inayoelekeza data, mahali ambapo jicho la msimamizi ni nadra kufika.

Ruta ya mpakani ikipata habari za anwani fulani kupitia BGP, itifaki ya mitandao kupashana njia, haiambiwi ipite waya gani. Hutajiwa tu ruta ya kutokea, ndiyo mlango wake, ijitafutie yenyewe namna ya kuifikia. Mitandao mingi mikubwa hapo huegemea njia za lebo, yaani MPLS, mfumo uliowekewa kanuni mwaka 2001. Pakiti hubandikwa lebo, na ruta za katikati husoma lebo hiyo tu, kama mpakia mizigo wa basi anayetazama jina la mji bila kuijua nyumba ya mpokeaji. Kwa hiyo hazilazimiki kubeba jedwali zima la intaneti. Nafuu hiyo ni kubwa: Agosti 12, 2014, jedwali lilipovuka njia 512,000, ruta nyingi za zamani zilizidiwa na huduma zikayumba.

Balaa huja njia ya lebo inapokufa huku ruta zikiendelea kuonana. Isipozuiwa, ruta ya mpakani huiachia pakiti iende bila lebo. Ruta ya katikati huipokea, huitafuta anwani, haioni, huitupa. Kwenye skrini za mafundi kila kiungo kinaonekana kizima, na huku mteja wa Mwanza anasubiri muamala usiokamilika.

Dawa ipo, tena haihitaji meli ya kutandaza nyaya. Ruta iamriwe kukubali njia ya BGP pale tu njia ya lebo ya kuufikia mlango wake ikiwa hai. Ikifa, ihamie mlango mwingine.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya wasiishie kuhesabu mikongo. Wadai jaribio: kampuni izime njia moja ya lebo usiku, mbele ya mkaguzi, zipimwe sekunde zinazopita kabla pakiti hazijapata njia nyingine, na matokeo yatangazwe hadharani kama zinavyotangazwa takwimu za laini za simu.