Mwanafunzi wa Nyeri Ughaibuni na Barua Zisizoandikwa

Mnamo mwaka 1878 kijana wa Kibengali mwenye umri wa miaka 17 aliwasili Uingereza kusomea sheria. Kijana huyo, Rabindranath Tagore, hakuwa wakili. Mwaka 1880 alirejea kwao bila shahada yoyote, jambo ambalo kwa mzazi wa Othaya au Karatina aliyeuza ng'ombe ili kulipa nauli lingekuwa msiba wa ukoo mzima. Lakini hakurudi mikono mitupu. Akiwa ugenini aliwaandikia watu wa kwao barua kuhusu karamu, dansi, baridi na tabia za Waingereza, na aliziandika kwa Kibengali. Tena si Kibengali cha vitabuni bali kile kinachozungumzwa barazani. Barua hizo zilichapishwa katika jarida la Kibengali, na mwaka 1881 zikawa kitabu. Hivyo Kibengali kilikwenda London, kikaiona, kikaieleza kwa maneno yake chenyewe. Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1913 ni habari ya baadaye.

Nyeri na miji jirani inayouzunguka Mlima Kenya imepeleka wanafunzi wengi ughaibuni, na wapo waliovuma duniani. Kisichopatikana kwa urahisi ni barua. Ni dhahiri shahiri kwamba maisha ya wasomi hao huko ng'ambo, yaani walichokula, walichokistaajabia, walichokikosa na walichokigundua kuhusu kwao, yamehifadhiwa zaidi kwa Kiingereza. Makala haya yanashikilia kuwa hiyo ni hasara kwa Kiswahili na kwa lugha za mlima, na kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuipunguza.

Mfano wa Wabengali haukutajwa kwa pambo. Mwanafunzi wa uzamili kutoka Dhaka au Kolkata anayesoma London, Toronto au New York huwa amefuatwa na lugha yake. Katikati ya Aprili wenzake hukutana kuukaribisha mwaka mpya wa Kibengali. Mwezi wa Mei huadhimisha kuzaliwa kwa Tagore, ambaye aliacha nyimbo zaidi ya 2,000. Msimu wa sikukuu ya Durga unapofika, vikundi vya Wabengali wa ughaibuni hutoa vijarida vyao vya hadithi na mashairi. Tarehe 21 Februari huwakumbuka wanafunzi waliouawa kwa risasi mjini Dhaka mwaka 1952 walipodai Kibengali kitambuliwe kuwa lugha rasmi ya Pakistani. Katika bustani moja ya mashariki mwa London umesimama mfano wa mnara wa mashahidi hao. Isitoshe, wazo la kuifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, lililoidhinishwa na UNESCO mwaka 1999, lilianzishwa na Wabengali waliokuwa wakiishi Vancouver, Kanada. Watu waliohamia ughaibuni ndio walioipa dunia nzima siku hiyo.

Haifai, hata hivyo, kuwapamba kupita kiasi. Katika milima ya Chittagong, kusini-mashariki mwa Bangladesh, Wachakma wana lugha yao, na fahari ya Kibengali haikuikumbuka lugha hiyo kwa muda mrefu. Wapenzi wa Kiswahili wanaozoea kuzichukulia lugha za mama kuwa kikwazo cha matamshi na waisome sentensi hiyo mara mbili.

Turudi mlimani. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Utotoni alifunzwa na mamake kwamba kuni hazitolewi kwenye mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Alicheza kando ya kijito, kati ya majani ya nduma, akijaribu kuyaokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Elimu hiyo yote aliipata kwa Kikikuyu. Alipofika umri wa miaka 11 alipelekwa shule ya bweni ya St Cecilia katika misheni ya Mathari, na huko mambo yakageuka. Mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha isiyokuwa Kiingereza alivishwa kifungo kilichoitwa monita, naye akamtafuta mwenzake wa kumkabidhi kabla jua halijatua. Aliyelala nacho aliadhibiwa kwa kufagia au kukata nyasi. Watoto wakawa mahabusu na askari kwa wakati mmoja. Baada ya Mathari alisoma Loreto, Limuru, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa Wakenya karibu 300 waliosafirishwa kwenda Marekani katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya.

Maisha yake ya ughaibuni yangetosha riwaya. Wakiwa njiani kuelekea Kansas, waliingia mkahawani kununua soda wakaambiwa wakanywee nje kwa sababu ya rangi yao. Katika chuo cha watawa wa Kibenediktini mjini Atchison alishangaa kuona watawa wakiruhusu wavulana na wasichana kucheza dansi pamoja, kinyume cha malezi ya watawa wa Kenya. Alijifunza biolojia, kemia na Kijerumani, akahitimu mwaka 1964, kisha akaenda Pittsburgh kwa shahada ya uzamili, ambako alichunguza tezi ya ubongoni mwa kware na kuona jinsi jiji la viwanda lilivyokuwa likisafisha hewa yake. Aliondoka Kenya akiitwa Mary Josephine. Mwanzoni mwa mwaka 1966 alirejea akiwa Wangari Muta, jina lake mwenyewe na la babake. Si jambo dogo: mwanafunzi aliyefundishwa Nyeri kuionea haya lugha yake alijichukulia upya jina lake huko Marekani.

Hapa ndipo wengi hukosea kuisoma safari yake. Husemwa kwamba Marekani ndiyo iliyomfumbua macho kuhusu mazingira. Ukweli ni kwamba Pittsburgh ilimpa istilahi na vipimo, lakini mugumo na kijito alikuwa navyo tayari. Elimu ya ughaibuni haipandwi kwenye udongo mtupu. Ndiyo maana hali ya sasa inatia wasiwasi zaidi kuliko ile ya 1951. Wangari alivishwa monita akiwa amekwisha kukomaa katika lugha yake. Mtoto wa leo wa Nyeri mjini au Nanyuki hukatazwa lugha ya nyumbani tangu chekechea, mara nyingine na wazazi wake wenyewe, ambao huona fahari mwana akiota kwa Kiingereza.

Micere Githae Mugo, mzaliwa wa Baricho, Kirinyaga, alifanya safari inayofanana na hiyo. Alipata shahada yake ya uzamifu mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, na katika kazi hiyo aliwaweka Achebe na Ngũgĩ meza moja na Mkanada Margaret Laurence na Mwingereza Elspeth Huxley. Mwaka 1991, akiwa tayari uhamishoni, alitoa kitabu kuhusu fasihi simulizi na haki za binadamu kilichochota hoja zake kutoka kwa Wandia wa Kirinyaga. Yaani Kanada haikumfuta Undia.

Hata hivyo, kumbukumbu za Wangari zilitoka mwaka 2006 kwa Kiingereza, na kazi hizo mbili za Micere zimeandikwa kwa Kiingereza pia. Mtetezi atauliza: wangeandika kwa Kiswahili, nani angewasikia huko duniani? Swali ni la haki, na hakuna anayewalaumu. Ila linasahau kwamba msomi haandikii dunia peke yake. Tagore aliyatafsiri mashairi yake kwa Kiingereza baada ya kuwa ameyatoa kwa Kibengali. Hakulazimika kuchagua mlango mmoja. Dada mdogo aliyebaki Ihithe naye ni msomaji.

Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili hakina utamaduni huo. Katika miaka ya 1890 Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili mjini Berlin, na akaandika habari zake kwa Kiswahili. Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 na simulizi yake ikachapishwa kwa Kiswahili katika mkusanyo wa Carl Velten. Ni kinaya kwamba zaidi ya miaka 120 iliyopita Mswahili aliweza kuieleza Siberia kwa lugha yake, ilhali leo mwenye shahada ya Kiswahili aliyeko Ohio hutuma nyumbani picha na sentensi mbili za Kiingereza.

Kinaya kingine ni cha riziki. Kijana wa mlimani huchekwa kwa kuchanganya r na l, au kwa kusema shapati badala ya chapati, hata akaamua kwamba Kiswahili ni mali ya watu wa pwani na kwake ni somo la mtihani tu. Kisha hupata nafasi ya uzamili Marekani, na chuo kinamlipia karo kwa sharti la kufundisha Kiswahili. Wakenya wengi wamesomeshwa hivyo na lugha waliyoidharau. Darasani humo wanafunzi wake hawamwulizi kuhusu ngeli peke yake. Wanauliza kwao watu huzikwaje, huoanaje, huimba nini. Anayejibu kwa kubahatisha hujulikana upesi.

Jioni, bila shaka, kuna mugithi. Wakenya wa mlimani walioko ng'ambo hukodi ukumbi, nyama ikachomwa, mpiga gitaa mmoja akawapanga watu kama mabehewa ya garimoshi. Hilo lisibezwe, ni utamaduni na huwaokoa wengi na upweke. Lakini anayeucheza wimbo wa Joseph Kamaru bila kuielewa methali iliyomo amepata nusu ya wimbo.

Kifanyike nini basi? Kati ya mwaka 2012 na 2016 Dedan Kimathi, Chuka, Karatina, Meru, Embu na Kirinyaga vilipata hati za kuwa vyuo vikuu kamili, vyote kuuzunguka mlima huo. Vyama vya Kiswahili katika vyuo hivyo na vinginevyo vitenge kurasa katika majarida yao kwa ajili ya barua kutoka ughaibuni. Kila mwanachama anayeondoka aage kwa ahadi ya kuandika walau mara moja kwa muhula, na mhariri amdai kama anavyodaiwa ada ya chama. Asiombwe uchambuzi wa nadharia. Huo atawaandikia wasimamizi wake. Lugha iruhusiwe kuwa na lafudhi ya kwao, na neno la Kikikuyu, Kimeru au Kiembu lisilo na kisawe libaki lilivyo, lifafanuliwe. Walioko huko sasa waanze hata kwa kurasa mbili. Aliyekua Nyeri ameiona theluji tangu utotoni, ikiwa mbali kileleni, asubuhi ambazo mawingu hayajapanda; atuambie ilivyokuwa siku ya kwanza ilipomfika magotini.